Simu iliporwa Jumamosi, pesa za chama zikaondoka nayo

Shangazi,

Nakuandikia kwa simu ya binti yangu, usiku, watu wa nyumbani wote wamelala. Nina miaka 41, nauza nguo za mitumba za watoto Gikomba, na naishi Umoja na mume wangu na watoto watatu. Mwaka wa sita huu mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu. Tuko wanawake kumi na wawili. Kila Jumamosi kila mmoja hutoa Sh2,000, na Jumatatu mmoja wetu hupokea zamu yake, Sh24,000. Pesa hupitia kwangu. Hazijawahi kupungua hata shilingi.

Jumamosi iliyopita nilifunga kibanda saa kumi na mbili kasoro, nikapanda matatu ya Umoja pale Muthurwa. Nilikaa dirishani. Tulipofika mzunguko wa City Stadium gari likakwama kwenye msongamano, nami nikatoa simu nihesabu waliokwisha kutuma. Walikuwa wametuma wote. Nilikuwa nimeinama, kidole kiko kwenye ujumbe wa mwisho, mkono ukaingia dirishani na simu ikaondoka. Sikuhisi hata kuvutwa. Nilichoona ni mgongo wa kijana akipenya katikati ya magari, na kioo cha simu yangu bado kinawaka mkononi mwake.

Abiria walinipa pole. Makanga akaniambia nimshukuru Mungu hawakuniumiza, nami nikamshukuru. Sikuomba simu ya mtu, Shangazi, kwa sababu sikujua nimpigie nani. Namba ninayoijua kwa kichwa ni yangu peke yake.

Nilifika nyumbani saa mbili usiku. Mume wangu akapiga namba yangu, ikaita mara moja, kisha ikazimwa. Akasema hiyo imeshauzwa, nilale, Jumatatu niende nikarudishe laini. Nikalala nikidhani nimepoteza simu ya Sh14,000 tu. Ilikuwa na mchoro wa kufungulia skrini, na PIN yangu ya M-Pesa hakuna anayeijua, hata mume wangu.

Jumapili tulienda kanisani. Wenzangu wanne wa chama walikuwepo. Sikuwaambia. Nilisema moyoni nitaeleza nikishapata laini, nisiwatie wasiwasi bure, na ibada ilipokwisha nikaondoka haraka bila kusalimiana.

Jumatatu nilipata laini. Salio sufuri. Niliomba taarifa ya akaunti, nikaisoma nikiwa nimesimama barabarani. Jumamosi kabla ya saa mbili usiku, mimi nikiwa ningali njiani, zilitoka Sh24,000 za chama na Sh8,700 zangu za kununulia mzigo. Dakika chache baadaye akiba yangu ya M-Shwari, Sh15,000, ikavutwa na kutumwa. Jumapili jioni wakamalizia na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, Sh6,500.

Linaloninyima usingizi ni la Jumapili mchana. Mtu aliwaandikia wenzangu kwenye WhatsApp kwa jina langu na picha yangu: niko hospitali na mtoto, naomba mnisaidie kidogo nitarudisha kesho. Wawili walituma, mmoja Sh3,000, mwingine Sh5,000. Walituma kwa namba yangu yenyewe. Jina langu likatokea, wakathibitisha. Huyu wa Sh5,000 alituma saa tano na robo. Saa hiyo nilikuwa nimekaa kanisani viti viwili nyuma yake.

Hao wawili sasa wanajua simu iliibwa. Waliobaki hawajui, na hakuna anayejua kwamba za chama zimekwenda. Mwenye zamu ana mtoto wa kidato cha tatu aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Nimemwambia mtandao unasumbua. Mume wangu anasema nikope kwenye programu za mikopo mbili tatu nijaze pengo, kwa maana nikisema ukweli watasema nimekula. Tunakutana Jumamosi hii.

Nifanye nini? Na waliingiaje wakati simu ilikuwa na kufuli? Natumia simu ya kuazima na naogopa hata kuweka laini yangu ndani.

Mweka hazina, Umoja

*

Mwanangu, pole. Pole kwa pesa, na pole zaidi kwa hizi siku ulizobeba jambo hili peke yako.

Nianze na la haraka, maana Jumamosi iko karibu. Usikope ili ufiche. Mume wako anakupenda na anataka kukufunika, lakini ushauri huo utakuzamisha. Mikopo ya programu hulipwa kwa muda mfupi na ada zake ni nzito. Utakopa ya pili kulipa ya kwanza, na mwezi hautaisha kabla hujakwama. Isitoshe, baadhi ya programu hizo huomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizo kwenye simu yako. Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za kuwapa leseni wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na kanuni hizo zinawakataza kuwapigia jamaa na marafiki zako ili kukuaibisha, lakini wasio na leseni bado wapo na hawajali kanuni. Wanachama wako watakuja kujua kwa simu ya mkopeshaji yale uliyoshindwa kuwaambia kwa mdomo wako.

Mpigie mwenye zamu leo, usingoje mkutano. Mwambie mtandao haukusumbua. Mwambie simu ilinyakuliwa na pesa zake zimeibwa. Mama mwenye mtoto aliyerudishwa kwa karo anahitaji kujua leo, ili aende shuleni akaombe muda au atafute njia nyingine. Kila siku unayomwambia mtandao unasumbua unamnyima siku ya kujipanga.

Nitakuambia ninavyoliona deni lenyewe, nawe unaweza kukataa. Zile Sh24,000 ziliibwa mikononi mwa mtu aliyetumwa na kikundi kuzishika, kwa njia ambayo kikundi chote kiliikubali kwa miaka sita. Hasara hiyo ni ya kuzungumzwa na wote kumi na wawili. Kuna vyama ambavyo hugawana, kuna ambavyo humwachia mweka hazina alipe polepole, na ni haki yao kuamua. Lakini zile Sh8,000 za Jumapili ni zako. Ulikuwa unajua simu iko kwa mwizi tangu jana yake. Neno moja mlangoni mwa kanisa lingetosha. Nalisema hili kwa uchungu, kwa maana najua hukunyamaza kwa ubaya, ulinyamaza kwa aibu. Wezi wa simu wanaitegemea aibu hiyo sana. Wanajua aliyeibiwa hukaa saa kadhaa akijilaumu kabla ya kumwambia mtu, na saa hizo ndizo za kazi yao. Walipe hao wawili kwanza, hata kwa awamu ndogo.

Sasa swali lako la pili. Nilikaa kwenye kibanda cha M-Pesa miaka minane kabla ya kuandika safu hii, na swali hili nimelisikia dirishani kwangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: waliingiaje, na simu ilikuwa na kufuli?

Jibu umeliandika mwenyewe kwenye barua. Kioo kilikuwa bado kinawaka mkononi mwake. Mchoro wa skrini hulinda simu iliyolala. Yako ilikuwa macho. Kijana anayenyakua simu ya mtu anayeisoma huchagua hivyo kwa makusudi, kisha huwa anaigusagusa skrini akikimbia isije ikajifunga, mpaka aifikishe kwa mwenzake anayejua kinachofuata.

Kilichonitatiza ni PIN. Ndiyo maana nilikutumia ujumbe nikakuuliza maswali mawili: je, PIN ilikuwa mwaka wako wa kuzaliwa, na je, kulikuwa na picha ya kitambulisho kwenye simu? Ukanijibu ndiyo kwa yote mawili, na kwamba kitambulisho ulikipiga picha mbele na nyuma ulipokuwa ukijaza fomu za shule za mtoto. Basi hakukuwa na uchawi. Alifungua picha, akakuta kitambulisho, akasoma tarehe ya kuzaliwa, akajaribu tarakimu nne.

Fikiria hesabu hii. PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Lakini karibu kila mtu mzima utakayekutana naye Gikomba amezaliwa kati ya 1950 na 2007, na hiyo ni miaka 58 tu. Ukichagua mwaka umemwondolea mwizi michanganyiko mingine yote. Ukimwachia na picha ya kitambulisho umemwachia mmoja tu. Pale kibandani wazee walikuwa wakinikabidhi simu wakisema, mama nitolee elfu moja, PIN ni mwaka niliozaliwa. Kwa sauti, na foleni nyuma yao inasikia. Vijana nao huwa na tabia nyingine, ya kuhifadhi PIN kama namba ya mtu. Kwenye orodha ya majina utakuta "Pin wa Benki" na namba fupi isiyoweza kuwa ya simu. Mwizi anayeijua kazi yake hupekua majina hayo mapema.

Kwa hivyo PIN mpya isiwe mwaka wako, wala wa mtoto, wala wa ndoa, wala 1234, wala tarakimu nne za mwisho za namba yako. Isifanane na ya benki. Na ile picha ya kitambulisho iondoe kwenye simu ya binti yako pia kama uliwahi kumtumia, pamoja na zile zilizobaki kwenye mazungumzo ya WhatsApp. Ukiifuta, pitia na pale zinapokaa zilizofutwa, maana picha hubaki humo siku kadhaa kabla ya kupotea kabisa.

Hapa sasa ndipo ninapotaka ukae na mimi, hata kama umechoka kusoma. Watu tunalinda simu na kuisahau laini. Tunanunua kava, tunabandika kioo cha juu, tunaweka alama ya kidole, na ile kadi ndogo iliyo ndani tunaiacha wazi kama mlango wa kanisa. Pesa zako haziko kwenye simu. M-Pesa inaifuata laini. Ichomoe kadi uiweke kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, ya Sh1,500, utapata menyu ile ile. Jumbe za benki zenye namba za kuthibitisha zinakuja kwenye laini. WhatsApp ikifunguliwa kwenye simu nyingine, namba ya kuthibitisha inatumwa kwa laini. Barua pepe ukisahau nenosiri, inakurudishia kwa laini. Mumeo alipopiga ikaita mara moja kisha ikazimwa, naamini ndipo kadi ilipokuwa ikichomolewa. Kuanzia hapo hawakuihitaji tena simu yako.

Kadi ya simu ina kufuli lake. Ni PIN ya laini, tofauti na PIN ya M-Pesa na tofauti na ya skrini. Ukiiwasha, kila mara simu inapozimwa na kuwashwa, au kadi inapohamishiwa simu nyingine, inaitisha namba hiyo kabla ya kuushika mtandao. Mwizi akichomoa kadi anabaki na kipande cha plastiki. Akikosea mara tatu, kadi inajifunga na kuitisha namba ya kuifungulia, PUK, yenye tarakimu nane. Akikosea PUK mara kumi, kadi inakufa.

Iko kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, palipoandikwa kufunga kadi ya SIM. Lakini usiikimbilie usiku huu bila kujua jambo moja: kadi huja na PIN iliyowekwa na kampuni, na utaulizwa hiyo kwanza kabla ya kuweka yako. Mara nyingi huwa imechapishwa kwenye ile plastiki kubwa uliyobandulia kadi. Kama umeitupa, usibahatishe, utajifungia nje mwenyewe. Nenda duka la mtandao wako na kitambulisho, waambie unataka kuwasha PIN ya laini, na uondoke pale ikiwa inafanya kazi. Pale pale dukani zima simu, iwashe, uone kama inaitisha. Nimewaona watu wakirudi nyumbani wakidhani wameifunga kumbe hawakubonyeza mwisho.

Kuna njia nyingine ya kuibiwa laini bila hata simu kuguswa: mtu anaenda kuirudisha kwa jina lako kana kwamba wewe ndiye uliyeipoteza, yako inakatika, yake inawaka. Kwa laini ya Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isiweze kurudishwa na wakala yeyote wa mtaani bali dukani kwao, nawe ukiwa hapo na kitambulisho. Piga na *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kitambulisho chako kimeshaonwa na wezi, kwa hivyo hili usiliahirishe. Ukikuta namba usiyoijua, ripoti. Na simu ikipoteza mtandao ghafla mchana kweupe, wenzako walio karibu wanao, usiseme ni mtandao. Tafuta simu nyingine uulize.

WhatsApp weka PIN yake ya tarakimu sita, ile ya uthibitisho wa hatua mbili. Ukiwa nayo, mtu mwenye laini yako hawezi kuifungua papo hapo kwenye simu yake bila kuijua na hiyo. Ni dakika mbili. Waambie wanachama wote kumi na wawili waiweke mkutanoni, simu zikiwa mkononi.

Halafu skrini. Weka ijifunge baada ya sekunde 15 au 30, na jumbe zisionekane ikiwa imefungwa, maana namba za kuthibitisha husomeka hapo juu bila kufungua chochote. Acha mchoro, tumia tarakimu sita au alama ya kidole. Mchoro huacha njia ya mafuta kwenye kioo. Pindisha simu kwenye mwanga uone mwenyewe, utaona mchoro wako umejichora. Google nayo, tangu mwishoni mwa 2024, imeongeza kwenye simu za Android, toleo la 10 na kuendelea, kufuli linalohisi mnyakuo: simu ikipokonywa na mtu akakimbia nayo, skrini hujifunga yenyewe. Liko kwenye mipangilio ya Google, sehemu ya ulinzi dhidi ya wizi. Si la kutegemea peke yake, lakini liwashe. Hapo hapo washa na kufunga kutoka mbali. Ukiwa umeliwasha mapema, siku ya shida unaingia android.com/lock kwenye simu ya mtu yeyote, unaandika namba yako tu, na skrini inafungwa. Huhitaji kukumbuka nenosiri ukiwa unatetemeka.

Kutetemeka huko nakujua. Niliibiwa simu mimi pia, Tom Mboya, miaka mingi iliyopita, na pamoja na kazi yangu yote ya kibandani nilisimama pale kama mti. Ndiyo sababu nataka uandike mambo haya kwenye karatasi leo na si siku hiyo: namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako inayopigika kutoka simu nyingine, namba ya benki yako, namba ya mume wako, na ya mwanachama mmoja wa chama. Piga *#06# uandike na namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha simu yenyewe, tarakimu 15, na kama simu ni ya laini mbili zitakuwa namba mbili. Nakala moja kaa nayo kwenye pochi, nyingine ibandike nyuma ya mlango wa kabati. Mume wako azijue kwa kichwa angalau mbili, nawe ujue yake. Mke na mume wasiojua namba za wenzao kwa kichwa ni wengi mno siku hizi.

Ungekuwa na karatasi hiyo Jumamosi ile, ungemwomba makanga au abiria simu pale pale City Stadium, gari likiwa bado kwenye msongamano. Ungesema maneno haya tu: simu yangu imenyakuliwa sasa hivi, naomba mfunge laini na akaunti ya M-Pesa. Watakuuliza namba ya kitambulisho na maswali mawili matatu. Kisha benki. Kisha kikundi: simu imeibwa, msitume pesa, msimjibu mtu. Polisi na namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio kituoni, hufuata, ni muhimu kwa madai na kwa kusajili simu iliyopotea, lakini usipitie kituoni kwanza na laini ikiwa wazi. Nimewaona waliokaa kwenye benchi la kituo saa nzima, na pesa zao zikitolewa dakika ya ishirini. Pesa ikishatolewa taslimu kwa wakala, kuirudisha ni vigumu mno. Ikiwa bado imekaa kwenye akaunti ya mtu, kuna nafasi ya kuizuia.

Kama hujaripoti, ripoti kesho. Kutumia laini ya mtu kuiba pesa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, na namba zilizopokea pesa zako zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu fulani. Taarifa ya akaunti uliyoisoma barabarani ndiyo ushahidi wako. Deni la Fuliza lina ada ya kila siku, kwa hivyo lilipe mapema hata ukiendelea kudai, halafu ujiondoe kama hulihitaji. Akiba nayo, ukiweza, iweke ile ya M-Shwari ya kufungiwa, isiyotoka papo hapo. Mwizi hana muda wa kungoja.

Jihadhari na simu utakazopigiwa wiki hizi. Aliyeibiwa hutafutwa mara ya pili. Mtu atakupigia kwa sauti ya upole, anajua jina lako na namba ya kitambulisho, atasema anatoka huduma kwa wateja na pesa zako zimepatikana, utaje tu PIN uthibitishe. Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000 pekee, na hata hapo hawaulizi PIN. Namba nyingine yoyote inayodai ni wao, kata, kisha itume kwa 333. Anaweza pia kukutumia kiungo kwamba simu yako imeonekana mahali fulani, ingiza nenosiri uione. Usikifungue. Ukiwa na tamaa ya kurudishiwa, na mwenye karo anakupigia kila jioni, ni rahisi sana kuamini. Mwambie mume wako na binti yako mapema, ili ukianza kuamini wakuzuie.

Laini yako iweke ndani ya hiyo simu ya kuazima, usiogope, mradi umebadilisha PIN na kufunga laini. Kuikalia bila kuitumia hakukulindi.

Na pesa za chama zitoke kwenye simu yako. Hili ulipeleke Jumamosi wewe mwenyewe, kabla hawajakuambia. Fungueni akaunti ya kikundi kwenye benki au Sacco, watia saini watatu, na pesa isitoke bila wawili wao. Kila mwanachama atume moja kwa moja kwa namba ya paybill ya akaunti hiyo. Hakuna mtu mmoja anayepaswa kuketi dirishani mwa matatu na karo ya mtoto wa mwenzake mkononi, hata awe mwaminifu kama wewe.

Wanaweza kukuuliza maneno makali. Wajibu yanayojibika, yasiyojibika yaache yapite. Nenda saiba Ijumaa uchapishe taarifa ya akaunti kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu, nakala kumi na mbili, na mistari ya wizi uipigie alama kwa kalamu. Beba namba ya OB. Beba na lile daftari la miaka sita, uliweke mezani kabla hujaanza kuzungumza. Na mume wako aje nawe, akae nje kama hapaswi kuingia, ila awepo ukitoka.

Ukimaliza, niandikie.